Waliorekodi zilipendwa

Mpenzi yeyote wa zilipendwa atakutajia Marijani Rajab, Mbaraka Mwinshehe na Hassan Rehani Bitchuka bila kufikiri. Atakuambia pia nani alipiga solo na bendi ilikuwa ikipiga ukumbi gani. Lakini muulize nani aliyerekodi wimbo wenyewe, au nani aliyeupanga kipindini mpaka ukamfikia mkulima wa Songea mwenye redio ya betri. Hapo wengi wetu hatuna jibu, na deni hilo ni letu sote tuliolelewa na muziki huu.

Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi iliyotaka sahani zake ziuzwe madukani ilifunga safari hadi Nairobi. Februari 1977 mpaka wa Kenya ulifungwa, haukufunguliwa hadi 1983, na safari hiyo ikawa ngumu ingawa wapo waliopenya. Mbaraka mwenyewe alifia Kenya, kwa ajali ya gari, Januari 1979. Kwa bendi nyingi, kurekodi kulikuwa na maana moja tu: kwenda Radio Tanzania Dar es Salaam, pale Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere.

Redio hiyo ilizaliwa 1951 ikiitwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 ikawa shirika la utangazaji la Tanganyika, na 1965 serikali ikalivunja shirika hilo na kuiweka redio mikononi mwake, kwa jina ambalo wazee bado wanalifupisha RTD. Huku Bara haikuwa na mshindani hadi sheria ya utangazaji ya 1993 ilipofungua mlango kwa watu binafsi. Kwa hiyo mtayarishaji wa vipindi vya muziki alikuwa na madaraka ambayo leo hakuna mtu wa redio anayeyaota. Wimbo alioupitisha ulisikika nchi nzima. Alioukataa uliishia ukumbini.

Kabla ya bendi kuingia studio, mashairi yake yalipitiwa na kamati. Wimbo wa matusi haukupita, wala wa kuikejeli serikali. Watunzi nao wakazidi kujificha kwenye mafumbo, na kwa maoni yangu baadhi ya tungo nzuri kuliko zote tulizonazo zilitokana na kubanwa huko. Simaanishi kwamba kubanwa kulikuwa kwema. Zipo nyimbo ambazo hatutazisikia kamwe.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mikono. Bendi nzima, magitaa, ngoma, tarumbeta na waimbaji, ilipiga kwa pamoja katika chumba kimoja, mbele ya vipaza sauti vichache. Hapakuwa na kumrekodi mwimbaji leo na mpiga besi kesho. Ukitaka saksafoni isimfunike mwimbaji, unamsogeza mpuliza saksafoni nyuma. Mtu akikosea karibu na mwisho, wote wanarudi mwanzo. Ndiyo maana ukisikiliza rekodi za NUTA Jazz au Mlimani Park Orchestra unasikia watu wanaosikilizana, na pumzi ya chumba kile imo ndani yake.

Baada ya hapo ndipo kipindi kilipotengenezwa. Tepu za redio zilikuwa na upana wa robo inchi. Zikizungushwa kwa mwendo wa sentimita 19 kwa sekunde, rili ya inchi saba yenye mita 366 za tepu inachukua dakika 32 hivi, yaani kipindi cha nusu saa na akiba kidogo. Kwa mwendo huo, pumzi ya mtangazaji ya nusu sekunde ni kipande kifupi kuliko urefu wa vidole gumba viwili. Ukitaka kuiondoa, unaizungusha rili taratibu kwa mkono mpaka usikie neno linaanzia wapi, unatia alama kwa kalamu ya nta, unakata mshazari kwa wembe, kisha unaunga kwa utepe wa gundi. Ukikosea, umekata sauti ya mtu. Kazi hiyo ilifanywa kila wiki na watu ambao msikilizaji hakuwahi kuwaona.

Watangazaji walau tuliwajua kwa sauti. Julius Nyaisanga, Uncle J, alitoka RTD akahamia Radio One ilipoanza 1994, na alipofariki Morogoro, Oktoba 2013, taifa lilimlilia. Ni haki yake kabisa. Fundi mitambo aliyekaa upande wa pili wa kioo hakupata hata mstari mmoja gazetini.

Wanamuziki walilalamikia malipo madogo ya redio, tena kwa haki, maana nyimbo zilirushwa miaka nenda miaka rudi na tepu zikabaki mali ya serikali. Lakini tepu hizo hizo ndizo kumbukumbu tuliyo nayo. Kwa nyimbo nyingi hakuna santuri wala nakala nyingine. Ikiharibika tepu, wimbo umekufa. Na tepu haipendi hewa ya Dar es Salaam. Unyevu huilainisha gundi inayoshika chembe za sumaku, ikaanza kunata kwenye mashine na kuacha unga, na pamoja na unga huo sauti inaondoka.

Kazi ya kuhamishia maktaba hiyo ya tepu kwenye kompyuta imezungumzwa kwa zaidi ya miaka kumi. Iendelee, tena kwa fedha za kutosha, lakini isiishie kwenye sauti. Watayarishaji na mafundi wa miaka ya 1970 walio hai sasa ni wazee. Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC), lililoirithi RTD, vyuo vya uandishi wa habari na watoto wa wazee hao wawaketishe mbele ya kinasa sauti mwaka huu, wawachezee rekodi hizo mojamoja, na kila jina watakalolitaja liandikwe kwenye kumbukumbu ya wimbo husika, sambamba na jina la mwimbaji.