Ushahidi, Muda na Mamlaka: Uamuzi wa Madai ya Askari wa Zamani wa Jeshi la Kijerumani, kwa Kurejelea Ukanda wa Bagamoyo na Mapinga

1. Utangulizi

Kata ya Mapinga, wilayani Bagamoyo, imo kandokando ya barabara iendayo Dar es Salaam, katika ukanda ulioshuhudia kuzaliwa kwa jeshi la kikoloni la Kijerumani na pia kuondoka kwake pwani. Mei 1889 Hermann Wissmann alishusha Bagamoyo askari wa kukodiwa, wengi wao Wasudani walioandikishwa Misri, na tarehe 8 mwezi huo wakaivamia ngome ya Abushiri bin Salim karibu na mji. Agosti 1916 Waingereza waliiteka Bagamoyo, kisha vikosi vyao vikateremka kusini hadi Dar es Salaam, iliyosalimu amri tarehe 4 Septemba.

Mapigano hayo yameandikwa sana. Madai yaliyoyafuata hayakupewa uzito uleule, ingawa kwa askari aliyerudi nyumbani na jeraha ndiyo yaliyoamua maisha yake ya baadaye. Insha hii inachunguza jinsi madai hayo yalivyoamuliwa. Hoja yake ni kwamba uamuzi haukutegemea uzito wa utumishi wala wa jeraha. Ulitegemea mambo matatu yaliyokuwa nje ya uwezo wa mdai: ushahidi uliokubalika, muda uliowekwa, na mamlaka iliyosikiliza. Kwa kuwa mamlaka iliyodaiwa ndiyo iliyohukumu, aliyekataliwa hakuwa na pa kukata rufaa.

2. Deni lisilo na mahakama

Paul von Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, alikuwa na askari Waafrika wapatao 1,100 pamoja na maelfu ya wapagazi. Wengi walikuwa wametumikia kwa muda mrefu bila kupokea mshahara. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliinyang'anya Ujerumani makoloni yake, na Tanganyika ikawekwa chini ya Uingereza kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa. Kwa hiyo mdai alibaki katika nchi iliyotawaliwa na dola moja, ilhali mdaiwa wake alikuwa dola nyingine. Mtawala mpya hakuwa na wajibu wa kulipa deni la adui wake wa jana, na mtawala wa zamani hakuwa tena na ofisi wala hakimu nchini.

Katika miaka ya 1920 serikali ya Ujerumani iligharimia ulipaji wa mishahara iliyobaki Tanganyika. Malipo hayo yalikuwa nafuu ya kweli kwa waliofikiwa. Hata hivyo, yalitolewa kwa hiari ya serikali na kwa kipindi maalumu. Hayakuwa haki ambayo mtu aliyerukwa angeweza kuidai mbele ya chombo huru. Aidha, deni lilihesabiwa kwa miezi ya utumishi. Mkono uliopooza au mguu uliokatwa haukuwa na safu yake katika hesabu hiyo.

3. Shauri la Bayume Mohamed Husen

Shauri linaloeleza vizuri zaidi utaratibu huo ni la Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 kwa jina la Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa askari, naye mwenyewe aliingia jeshini angali mtoto. Alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, Oktoba 1917, akiwa na umri wa miaka 13, kisha akawa mateka wa Waingereza.

Mwaka 1929 alifika Berlin, na huko akadai malipo yake na ya baba yake. Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani haikuona haja ya kupima kama alitumikia. Ilijibu kwamba dai limechelewa. Jibu hilo lina maana kubwa kwa mtafiti: ukomo wa muda ulifunga shauri kabla ushahidi haujafunguliwa. Ikumbukwe pia kwamba dai lilihusu mshahara. Jeraha la Mahiwa, ambalo katika mfumo wa pensheni lingekuwa kiini cha shauri, halikuwa msingi wa dai.

Baadaye, katika miaka ya 1930, Husen aliomba nishani ya wapiganaji wa mstari wa mbele, akanyimwa. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke Mjerumani na, bila kufikishwa mahakamani, akapelekwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, alikofariki tarehe 24 Novemba 1944. Dola iliyokataa kuitambua huduma yake ndiyo iliyomnyima hata haki ya kusikilizwa.

4. Fagio kama ushahidi

Mwaka 1964, Lettow-Vorbeck alipofariki, Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari waliokuwa hai. Simulizi iliyoenea husema kwamba wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza, na kwamba wachache tu walikuwa na hati walizopewa mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare. Ndipo mlipaji akawapa fagio mmoja mmoja, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani, na hakuna aliyeshindwa.

Simulizi hiyo husimuliwa kama sifa ya nidhamu. Ikisomwa kwa jicho la sheria, inaonyesha jambo jingine. Kwanza, upungufu wa hati, ambao kwa kawaida humwangusha mdai, ulifidiwa kwa ushahidi wa mwili unaokumbuka. Huo ulikuwa uungwana. Pili, mwili huohuo uliulizwa swali moja tu: je, unakumbuka amri? Mzee ambaye vita vilimwacha bila mkono wa kushika fagio angekuwa na ushahidi mzito kuliko wote, lakini jaribio lenyewe lingemwangusha. Tatu, kutoka Mapinga hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita elfu moja. Umbali nao ulikuwa hakimu.

5. Mlinganisho na mfumo wa Uingereza

Haiwezekani kusema kwamba zama hizo hazikujua njia bora. Mwaka 1919 Uingereza iliunda mabaraza ya rufaa za pensheni za vita. Sheria ya mwaka 1943 iliyapa mabaraza hayo msingi mpya, na kanuni za mwaka huohuo zikamwondolea mdai mzigo wa kuthibitisha: palipokuwa na shaka ya msingi, ilimnufaisha yeye. Kwa Waafrika waliopigana upande wa Waingereza, usawa huo haukufuata. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kiinua mgongo kilipangwa kwa rangi, na nyaraka zilizotangazwa mwaka 2019 zinaonyesha kwamba askari Mwafrika alipewa takriban theluthi moja ya fungu la mwenzake mzungu.

6. Hitimisho

Rufaa ya haki huhitaji msikilizaji asiye mdaiwa, kanuni ya ushahidi inayozingatia hali ya mdai, na mlango ulio karibu naye. Katika mashauri yaliyochunguzwa, jaribio la Mwanza lilikaribia sharti la pili pekee, na hata hilo kwa huruma ya mlipaji. Kwa hiyo malipo ya miaka ya 1920 na ya 1964 yanapaswa kusomwa kama fadhila za dola, si kama utekelezaji wa haki. Fadhila hupokewa kwa shukrani, lakini haikatiwi rufaa.