Safu ya Lugha: Kutia Chumvi na Kukoleza
Vijana wa hapa Kangari wanaozisifu filamu tatu za The Hobbit husema mwongozaji wake, Peter Jackson, “ametia chumvi” kitabu cha Tolkien. Wamependa walichokiona, ila neno wamelikosea. Kutia chumvi ni kuzidisha habari mpaka ukweli wake upotee. Shahidi anayetia chumvi hasifiwi na mtu. Neno la sifa ni kukoleza. Linatokana na kukolea: mchuzi uliokolea umefikia ladha yake barabara, wala haukuzidi. Rangi hukolea pia, na moto hukolezwa kwa kuongezwa kuni.

Kitabu ni kimoja, cha 1937, tena si kirefu. Filamu zilitoka 2012, 2013 na 2014. Mchawi Gandalf anapotoweka kitabuni, filamu zinamfuata hadi ngome ya Dol Guldur, na habari hizo zina mizizi katika maandishi ya Tolkien mwenyewe. Huko ndiko kukoleza, nami nilikufurahia sana. Mhusika Tauriel wa filamu hizo, naye, hayumo kitabuni kabisa. Huyo ameongezwa tu. Kupotosha ni neno zito zaidi; tumwachie anayegeuza maana ya kisa, jambo ambalo filamu hizi hazikufanya.