Mbung'o na Shoka la Babu

Msomaji mwenzangu, nzi wengi hutaga mayai. Mbung'o huzaa. Jike hupandwa mara moja tu kwa kawaida, kisha kila baada ya siku 9 au 10 huzaa buu mmoja, aliyekwishanyonyeshwa na kukua tumboni. Buu hujichimbia kwenye udongo wa kivulini, akageuka pupa. Baada ya mwezi hivi anatoka nzi mwenye mbawa, anayezilaza mgongoni kama mkasi uliofungwa.

Uzazi wa taabu namna hiyo ungemaliza kabila lake, au siyo? Ponapona yake ni kivuli.

Sisi vijana wa Bugarama tukishika kalamu tunaandika dhahabu tu. Mimi pia. Lakini babu alikuwa akisimulia jinsi baba yake alivyoitwa na mtemi, shoka begani, kwenda kufyeka pori. Nikaanza kuuliza: kwa nini?

Mwaka 1922 malale yaligunduliwa Maswa. Mzungu mmoja, Charles Swynnerton, mkuu wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika, akafanya Shinyanga kituo chake cha kumchunguza mbung'o. Aina moja ya nzi hao hata ina jina lake. Akaona kwamba ukiondoa kichaka, umemnyang'anya nzi nyumba. Watemi wakawatoa watu wao, miti ikalala. Swynnerton alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938, lakini mashoka hayakupumzika.

Ng'ombe wakapata malisho, watu wakapona. Hilo tusilibeze. Ila pamba, mifugo na kuni vikaongezea pale shoka lilipoishia, hadi nchi ikabaki uchi. Mwaka 1986 Serikali ikaanzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, na wananchi wakarudia ngitili za wazee, yaani malisho yanayofungwa ili yapumzike. Miti ikaota tena.

Kule Unguja walikuja na hesabu nyingine. Baada ya kumpunguza mbung'o kwa dawa, walimwaga madume waliohasiwa kwa mionzi. Jike akishapandwa na dume kama huyo, basi, hazai. Mbung'o wa mwisho alinaswa mwaka 1996, na msitu wa Jozani ungali umesimama.

Baba yake babu hakuwa na mionzi. Alikuwa na shoka, na ng'ombe waliokuwa wakifa. Riwaya yangu inaanzia hapo, na kila nikitaka kumlaumu, kalamu inagoma.