Uswahilini Haikuwa Makosa ya Ramani

Ukitoka Posta kwenda Kariakoo kwa miguu, utapita Mnazi Mmoja. Wengi tunapaona kama uwanja wa kupumzikia tu, ila enzi za Mwingereza eneo lile liliachwa wazi makusudi, litenganishe mji wa Wahindi na makazi ya Waafrika. Uzunguni, Uhindini, Uswahilini: sheria za ujenzi hazikuhitaji hata kutaja rangi ya mtu. Zilitaja aina ya nyumba, basi. Mwenye udongo na makuti akajikuta upande wake. Kariakoo yenyewe imeachiwa jina na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza.

Baada ya Uhuru ungedhani mtazamo ungebadilika. Shirika la Nyumba la Taifa likaundwa mwaka 1962, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kubomoa nyumba za udongo, Magomeni zikiwemo, na kujenga za kisasa. Nia ilikuwa njema. Lakini nyumba ya Kiswahili haikuwa paa na kuta tu. Ilikuwa na vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma, baraza mbele. Mwenye nyumba alilala chumba kimoja, vingine akapangisha, na barazani akachoma vitumbua. Kuibomoa ni kubomoa makazi, pensheni na duka kwa mpigo mmoja.

Mwaka 1972 serikali ikageuka. Badala ya kuvunja, ikaamua kupima viwanja na kuboresha makazi yaliyopo. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Sinza ikapimwa na watu wakajijengea wenyewe. Manzese ikapelekewa barabara na maji huku wakazi wakibaki palepale. Miaka ya 1980 hela zikakata, mpango ukafifia, mji ukaendelea kujijenga bila kumsubiri mpimaji.

Siku hizi tunasikia sana kuhusu miji yenye tija, endelevu, inayofaa kuishi. Maneno matamu. Mimi huwa nauliza swali moja tu: baraza liko wapi kwenye mchoro? Mama wa vitumbua na mpangaji wake wamo, au wamehesabiwa kama uchafu wa kuondolewa? Tulishajibu swali hili vizuri mara moja, mwaka 1972. Hatuna haja ya kujifanya tunalisikia leo.