Othoreksia: Je, kushika sana ulaji bora ni ugonjwa wa akili?
Neno othoreksia lilibuniwa mwaka 1997 na daktari wa Marekani, Steven Bratman, kuelezea hali ya mtu kutawaliwa na fikra za kula vyakula "safi" tu. Hata hivyo, hali hiyo haijaorodheshwa kama ugonjwa unaojitegemea katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani wa mwaka 2013, wala katika orodha ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022.

Kuacha sukari au nyama si maradhi. Hatari huanza pale vyakula anavyojiruhusu mtu vinapozidi kupungua, mwili ukakonda, naye akakwepa kula na jamaa zake kwa hofu. Hapo amwone daktari, hata kama hali yake haijapewa jina rasmi.