Mwenye Kushika Saa

Waya mmoja hauwezi kupitisha herufi nzima kwa mara moja. Alama hufuatana ndani yake moja nyuma ya nyingine, na mtambo upokeao hauna budi kujua wapi alama moja hukoma na wapi ya pili huanza. Basi mitambo miwili ikitaka kusemezana, lugha moja haitoshi. Sharti iwe na saa moja pia. Nani ashike saa hiyo ni swali la tangu zamani.

Mwaka 1874 Émile Baudot, fundi wa idara ya telegrafu ya Ufaransa, alipata hataza ya mtambo ambao kila herufi yake ilikuwa na alama 5. Katika kila mwisho wa waya palizunguka brashi ya chuma, ikiwapa waandishi kadhaa waya ule ule kwa zamu. Brashi hizo zilipaswa kwenda sambamba. Moja ikitangulia, maneno ya huyu yaliangukia katika karatasi ya yule. Kwa hiyo kituo kimoja kilipeleka pigo la kusahihisha, na brashi ya pili, iliyotengenezwa iende upesi kidogo kupita haja, ikazuiwa ipate kulingana. Mwandishi naye alitawaliwa na saa: alisikia mlio mdogo, akabonyeza papo hapo, kiasi cha mara 180 kwa dakika. Aliyechelewa hakungojwa.

Mwaka 1982 kampuni ya Philips ya Uholanzi ilitoa utaratibu wa I2C, wa kuunganisha vipande vya elektroniki ndani ya chombo kimoja. Nyaya zake ni 2: mmoja huchukua habari, wa pili mapigo ya saa. Kipande kiongozi ndicho kipigacho saa, lakini hakiuinui waya kwa nguvu. Chaweza kuushusha au kuuachilia tu, nao ukiachiliwa na wote huinuka wenyewe. Kipande mfuasi kisichokuwa tayari huushikilia chini. Kiongozi huona waya haujainuka, hungoja. Hapo saa si amri ya mmoja tena, bali ni mapatano ya wawili.

Ruhusa hiyo ina gharama. Mfuasi aliyeharibika akiushikilia waya bila kuuachia, vyote vilivyounganishwa humo hunyamaza. Ndiyo maana SMBus, utaratibu uliojengwa juu ya I2C katika miaka ya 1990, una kikomo: anayeishikilia saa hana budi kuiachia kabla ya kupita milisekunde 35. Kwa Baudot mzito alikosa muda. Katika I2C mzito mmoja aweza kuumaliza muda wa wote. Kikomo hicho humpa nafasi yake, wala hakimpi ya wenziwe.