Shindano Si Vita

Lugha ya Kiswahili imeweka mpaka baina ya mambo mawili ambayo jicho la haraka huyachanganya. Watu wawili wakipigana, kila mmoja hutaka mwenzake aondoke. Watu wawili wakishindana, kila mmoja humhitaji mwenzake awepo, maana pasipo mpinzani hapana wa kumshinda. Mpigana vita hufurahi adui yake asipotokea. Mshindani ambaye mpinzani wake hakutokea hurudi kwao na kinyongo, hata akiwa amepewa ushindi wa bure. Mpaka huo ni wa zamani, na watu wa pwani wamekaa nao kwa muda mrefu kabla ya kuja kwa mitambo. Lakini kila kinapozuka chombo kipya, mpaka husahauliwa, na hapana budi uelezwe tena. Chombo kipya cha zama hizi ni roboti.

Ikisemwa kwamba wanafunzi wa skuli wamekwenda kushindanisha roboti, msikilizaji aghalabu huuliza ni roboti ipi iliyoivunja nyingine. Swali hilo si la ujinga, bali lina asili yake. Mwaka 1994, mjini San Francisco, Marc Thorpe alianzisha mapambano ya mashine zilizoundwa kwa kusudi la kuharibiana kwa misumeno, nyundo na miiba ya chuma. Mwaka 1998 shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilianza kuyaonyesha mapambano ya namna hiyo katika televisheni, na mwaka 2000 televisheni ya Marekani nayo ikafuata. Mchezo ule una kanuni zake na una mafundi wake hodari, wala haustahili kudharauliwa. Lakini ndio uliotangulia kufika machoni pa watu wengi, na kilichotangulia machoni huwa kipimo cha vyote vinavyofuata.

Tena jina lenyewe limezaliwa na hofu. Neno roboti lilianzia katika mchezo wa kuigiza wa Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, uliochapishwa mwaka 1920. Na asili yake ni neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa. Katika mchezo huo watumwa walioundwa na binadamu huwaasi mabwana zao. Msomaji wa Unguja, mji ambao soko lake la watumwa lilifungwa mwaka 1873 na ambao hali ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1897, hahitaji kufasiriwa sana kwa nini jina la namna hiyo huja na kivuli chake.

Unguja ina sababu nyingine tena ya kuutazama mtambo kwa tahadhari, na sababu hiyo imo katika historia ya Forodhani. Jina lenyewe lasema kwamba hapo palikuwa mahali pa forodha, pa kutozea ushuru wa bidhaa zilizoshuka chomboni. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultan Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme bila ya ridhaa ya Waingereza. Alipewa muda hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Saa ilipotimia na bendera yake haijashuka, manowari za Kiingereza zilizotia nanga mbele ya jumba zikafyatua mizinga. Merikebu ya kifalme iliyoitwa Glasgow, iliyobaki tangu enzi ya Sultan Barghash, ilijaribu kujibu, ikazamishwa pale pale bandarini. Vita vile havikufika saa moja. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au walijeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Milingoti ya Glasgow ikabaki juu ya maji kwa miaka mingi, na kila aliyekaa ufukweni akiitazama bahari aliiona. Hayo yalikuwa mapambano ya mashine hasa, wala hayakuwa na sharti la usawa hata moja.

Lakini ufukwe huo huo ulipokea mitambo mingine. Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883 na ambalo sehemu yake ilianguka Desemba 2020, liliwashwa taa za umeme na likatiwa lifti wakati ambapo mambo hayo yalikuwa ya kustaajabisha katika Afrika ya Mashariki. Ndiyo maana likaitwa jumba la maajabu. Mwaka 1905 reli ya kwenda Bububu ilifunguliwa, ikianzia karibu na Ngome Kongwe. Mizinga, taa na gari la moshi vyote ni kazi ya mafundi, na vyote vilikuja kwa bahari moja. Kilichovitenga ni kusudi na masharti ya waliovitumia.

Watu wa pwani, kwa upande wao, walikwisha kujifunza kuvaa sura ya vita pasipo vita. Mwishoni mwa karne ya 19 ngoma ya beni ilizuka katika miji ya pwani ya Kenya. Mombasa ilikuwa na pande mbili, Kingi na Skochi. Ngoma ilipoenea Tanganyika pande zikawa Marini na Arinoti. Wachezaji walivaa sare, walipiga tarumbeta na magoma, walipeana vyeo vya wafalme, majenerali na makanali, na walikwenda kwa hatua za kijeshi. Baada ya Vita Kuu ya kwanza maofisa wa Kiingereza waliingiwa na wasiwasi, wakaichunguza beni wakishuku kwamba nyuma yake pana njama dhidi ya serikali. Waliona sare wakatafuta silaha. Kosa lao ni lile lile la mtu anayesikia roboti akatafuta msumeno.

Mjini Unguja, katikati ya karne ya 20, vyama vya taarabu vya wanawake vilishindana kwa nyimbo na mavazi, na miongoni mwao vilikuwamo vilivyojiita kwa majina ya jeshi la wanamaji na jeshi la anga la Uingereza. Hapana risasi iliyolia. Yaliyorushwa yalikuwa mafumbo. Na Makunduchi, kusini mwa kisiwa, kila mwezi wa Julai siku ya Mwaka Kogwa watu wa pande mbili hupigana kwa mabua ya migomba mpaka wachoke, na hesabu ya kinyongo cha mwaka uliopita hufungwa. Mgeni huona ugomvi. Mwenyeji hujua kwamba kama upande mmoja usingetokea, sikukuu ingeharibika.

Hata hivyo historia haitaki kupambwa. Beni na ngoma za lelemama ziliingiwa na dosari, na dosari hiyo haikutoka kwa adui. Pande zilianza kushindana kwa fedha. Walipochinja hawa ng'ombe, wale walichinja zaidi. Karamu ilijibiwa kwa karamu kubwa kuliko ya kwanza, na watu wakaingia katika madeni kwa ajili ya heshima ya chama. Shindano la ufundi likageuka shindano la mali, na aliyeanza na kidogo akawa ameshindwa kabla ya ngoma kupigwa. Hapo ndipo linapoonekana sharti la pili la shindano: haitoshi kumhitaji mpinzani, lazima mwanzo wake na wako uwe na kipimo kimoja.

Masharti hayo mawili ndiyo yaliyojengewa mashindano ya roboti ya wanafunzi. Katika miaka ya 1970 Woodie Flowers, mwalimu wa uhandisi katika chuo cha MIT huko Marekani, alikuza somo ambalo kila mwanafunzi alipewa sanduku la vipande vya namna moja, akatakiwa aunde mashine ya kutimiza kazi iliyotajwa. Mwisho wa muhula mashine zililetwa mbele ya watu zikashindanishwa. Mwaka 1989 mvumbuzi Dean Kamen alianzisha chama kiitwacho FIRST kwa ajili ya vijana wa skuli, naye Flowers akawa mshirika wake. Shindano la kwanza lilifanywa mwaka 1992 katika ukumbi wa michezo wa skuli moja ya jimbo la New Hampshire, kwa timu 28. Uwanja wenyewe ulitandazwa punje za mahindi, na mashine zilitakiwa zitembee juu ya punje hizo na kukusanya mipira ya tenisi. Mkulima wa Unguja angeufahamu ugumu wake upesi kuliko mtazamaji wa misumeno: kazi ilikuwa kwenda mahali ambapo gurudumu huteleza, na kurudi na mavuno.

Tangu mwaka 2017 mashindano ya namna hiyo yamekuwa yakikusanya mataifa, kila nchi ikipeleka timu moja ya vijana. Tanzania, Kenya na Uganda ni miongoni mwa nchi zilizoshiriki. Mkutano wa kwanza ulifanywa Washington, Julai 2017, kwa timu za nchi zaidi ya 150. Kila timu ilikuwa imepelekewa sanduku la vifaa vya aina moja: mota, magurudumu, betri, vyuma na kifaa cha kuandikia programu. Uwanjani ilimwagwa mipira ya rangi mbili, mmoja ukiwa mfano wa maji safi na mwingine mfano wa uchafu, na kazi ya roboti ilikuwa kutenga maji na uchafu. Mwaka 2019 huko Dubai mipira ikawa mfano wa taka za baharini, na roboti zikatakiwa kuiondoa. Atakayesimama Forodhani maji yanapokupwa na kuziona chupa za plastiki zilizoachwa juu ya mchanga ataelewa kwamba mfano huo haukuchukuliwa mbali.

Namna ya kucheza nayo yafaa kuelezwa. Roboti 3 za nchi tatu huungana upande mmoja, na 3 nyingine upande wa pili, kwa muda wa dakika mbili na nusu. Baada ya hapo miungano huvunjwa na kupangwa upya, hata mshirika wa asubuhi huwa mpinzani wa alasiri. Kugongana kupo, na watazamaji hupiga kelele kama walio katika mpira wa miguu. Lakini anayeivunja roboti ya mwenzake kwa kusudi huadhibiwa, wala hapati alama kwa uvunjaji huo. Mara nyingi timu inayopungukiwa na kipuri hukiazima kwa wapinzani wake, nao hutoa, kwa kuwa kesho huenda wakasimama pamoja. Flowers aliifundisha tabia hiyo kuwa ni weledi wenye staha. Kushindwa kumo: zipo timu ambazo mashine zao husimama katikati ya uwanja zisitikisike, na machozi hutoka. Lakini aliyeshindwa hurudi kwao na chombo chake kizima, naye anajua ni waya gani uliokatika.

Wapo Waafrika walioona kwamba jambo hili lisingojewe kutoka mbali. Mhandisi wa Senegali, Sidy Ndao, alianzisha shindano la roboti la vijana wa Afrika nzima, likafanywa Dakar mwaka 2016, ili ufundi huo uwe na uwanja wake barani.

Pamoja na hayo, usawa wa sanduku si usawa wa njia. Mwaka 2017 wasichana 6 kutoka Herat, Afghanistan, walichaguliwa kwenda Washington. Sanduku lao la vifaa lilikawia sana katika forodha ya nchi yao, na ilitangazwa wakati ule kwamba mitambo ya namna hiyo ilitiliwa shaka ya vita. Wenyewe walinyimwa viza mara 2, na ruhusa ilipatikana siku chache tu kabla ya shindano. Walifika, wakacheza, wakapewa medali ya fedha ya ushujaa. Wakati wenzao wa nchi nyingine walikuwa wakijifunza kwa miezi kadhaa, wao walikuwa na majuma machache. Kudhani kwamba kila roboti ni silaha kulikuwa kosa dogo katika mazungumzo ya barazani. Katika meza ya forodha kosa hilo hilo liliwanyang'anya watoto muda ambao haukuweza kurudishwa.

Hiyo ndiyo hasara ya kuchanganya shindano na vita, na haiko Herat peke yake. Mzazi anayedhani kwamba binti yake anakwenda kutazama vyuma vikikatana atamzuia nyumbani, na hana lawama, kwa kuwa hakuna aliyemweleza. Mwalimu mkuu anayedhani kwamba ni mchezo wa kuharibu vitu hatatoa chumba wala saa ya ziada. Mfadhili anayependa vishindo atatoa fedha kwa timu moja tajiri, na kuanzisha tena lile deni la karamu lililozifilisi beni. Wote watatu wanahitaji kuelezwa kwa mifano wanayoijua, na mifano hiyo ipo karibu. Kila jioni vijana hupiga makachu ukutani Forodhani, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akitafuta kuruka kwa namna ambayo mwenzake hajaiweza. Hapana anayemsukuma mwingine azame, kwa sababu akizama hapatakuwa na wa kumtazama akiruka.

Basi anayesikia kwamba wanafunzi wameshindanisha roboti asiulize ni ipi iliyoivunja nyingine. Aulize walipewa kazi gani, walianza na vifaa gani, na mpinzani wao alianza na vipi. Majibu ya maswali hayo matatu ndiyo yatakayomjulisha kama alichosikia ni shindano, au ni vita vilivyovaa jina lake.